Mgr Munzihirwa: askofu wa Bukavu aliyewafungulia mlango hata wasiostahili

Jioni ya Jumanne tarehe 29 Oktoba 1996, mji wa Bukavu ulikuwa unaanguka. Viongozi wengi wa serikali walikuwa wamekwisha kukimbia. Wanajeshi wa Zaire walikuwa wanapora na kuondoka. Katika mtaa wa Nyawera, komini ya Ibanda, gari moja lilisimamishwa na askari waliokuwa wanaingia mjini. Ndani yake alikuwa mzee wa miaka 70, askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa. Alishuka akishika msalaba wake mkononi. Hakurudi garini.

Miaka mingi imepita, na Bukavu imezika watu wengi tangu siku ile. Lakini jina la Mgr Munzihirwa halijatoka midomoni mwa wakaaji. Wengine humkumbuka kama mlinzi wa mji, wengine kama mfiadini. Wako pia waliomlaumu akiwa hai, na swali lao halijaisha: je, askofu anaweza kumtetea mtu ambaye mikono yake huenda ina damu? Katika swali hilo ndimo linapoonekana fundisho moja gumu la imani ya Kikristo, lile la neema ya Mungu ambayo mtu hapewi kwa sababu anastahili.

Kijana wa Burhale

Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 huko Burhale, katika eneo la Walungu, kwenye vilima vya Bashi. Wakati ule Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na misheni za kikatoliki ndizo zilizoshika shule nyingi za Kivu. Kijana aliyetaka kusoma mbali alipita mikononi mwa mapadri, na wengi wa wale walioendelea walipitia seminari.

Alipewa daraja la upadri mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru. Miaka mitano baadaye, mwaka 1963, alifanya jambo ambalo padri wa jimbo halifanyi kila siku: aliingia shirika la Wayezuiti na kuanza tena malezi kama mwanafunzi. Kisha alitumwa Louvain, Ubelgiji, kusomea elimu ya jamii na uchumi.

Masomo hayo yalimsaidia katika maisha yake yote. Munzihirwa alizoea kuuliza kwa nini mtu ni maskini, nani anapata faida kutokana na umaskini wake, na serikali iko wapi. Alipokuja kuandika barua zake akiwa askofu, hakuishia kuwaambia Wakristo wasali. Aliwaeleza pia silaha zinatoka wapi na nani anazilipa.

Padri anayejiandikisha jeshini

Mwaka 1971 Rais Mobutu alikasirishwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, waliokuwa wamefanya maandamano. Akaamuru waingizwe jeshini kwa lazima. Kati yao walikuwamo vijana waliokuwa wanajiandaa kuwa mapadri.

Munzihirwa wakati huo alikuwa mlezi wa vijana. Hakuna mtu aliyemwita jeshini. Alikuwa amepita miaka 40, na alikuwa na kila sababu ya kubaki chumbani mwake. Lakini aliomba naye aandikwe pamoja na wanaseminari. Viongozi hawakufurahi, kwa maana padri aliyevaa nguo za jeshi kwa hiari yake alikuwa anaifanya adhabu yao ipoteze nguvu. Walitaka kuwatenga vijana, na sasa mlezi wao alikuwa pamoja nao.

Kwa waliomfahamu, tendo hilo lilieleza mtu mzima. Hakuanza kwa kuuliza kama vijana wale walikuwa na kosa au la. Walikuwa taabuni, basi alienda kukaa nao. Ndivyo Wakristo wanavyoamini kuhusu Kristo mwenyewe, ya kuwa hakungoja binadamu wasafishwe kwanza ndipo ashuke kati yao.

Baadaye Wayezuiti walimweka kuwa mkubwa wa shirika lao kwa Afrika ya Kati, kazi aliyoanza mwaka 1980. Mwaka 1986 aliteuliwa kuwa askofu msaidizi mwenye haki ya kurithi katika jimbo la Kasongo, huko Maniema, na mwaka 1990 akawa askofu wa Kasongo. Huko aliona kwa macho jinsi askari wasiolipwa mishahara wanavyomla raia. Alisema wazi juu ya unyang'anyi wao, wakati ambapo kumsema askari wa Mobutu kulikuwa kujitafutia hatari.

Bukavu yafurika

Mwaka 1993 Munzihirwa alipewa kulisimamia jimbo kuu la Bukavu, na Machi 1994 akawa askofu wake mkuu. Hakupata nafasi ya kupumua. Tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda iliangushwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Katika muda wa siku 100 hivi watu wapatao 800,000 waliuawa, Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki.

Julai 1994 serikali iliyofanya mauaji hayo ilishindwa vita. Watu zaidi ya milioni moja walivuka mpaka na kuingia Zaire. Wengi walipitia Goma, lakini laki nyingi walipitia upande wa Cyangugu na Uvira. Pale Ruzizi, wakaaji wa Bukavu waliona mto wa watu usiokatika: wamama wenye magodoro kichwani, watoto waliopotezana na wazazi, wazee wakibebwa, na katikati yao askari walioshindwa na wanamgambo wa Interahamwe.

Watu walilala barabarani, katika viwanja vya shule na vya parokia, hadi kambi zilipofunguliwa Panzi, Inera, Kashusha, Nyangezi, Birava na kwingineko. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni. Bei ya chakula ilipanda. Wakaaji wa Kadutu na Bagira, ambao wenyewe walikuwa wanaishi kwa shida chini ya serikali iliyooza, walijikuta wanagawana maji na jirani ambaye hawakumwita.

Askofu mkuu aliwaomba Wakristo wafungue milango, na parokia zikapokea watu. Alisisitiza kwamba mkimbizi ni binadamu, na kwamba njaa ya mtoto haina kabila.

Lawama

Hapo ndipo kazi yake ilipoingia penye miiba. Kambini hawakuwamo watoto na wamama peke yao. Mulikuwamo watu waliokuwa wameua jirani zao miezi michache tu iliyopita. Wengine walibaki na silaha, walitawala kambi, walichukua msaada kwa nguvu na kujiandaa kurudi kwa vita. Kwa Mtutsi aliyepoteza jamaa yake yote, kuona chakula kikigawiwa katika kambi hizo kulikuwa kidonda juu ya kidonda.

Serikali mpya ya Kigali ilimwona Munzihirwa kuwa mtu anayewatetea wauaji. Kati ya watu wa mashirika ya kimataifa pia walikuwamo waliomsema. Lawama hiyo haikutoka hewani, kwa maana msiba wa Rwanda ulikuwa wa kweli na wauaji walikuwa wa kweli.

Jibu la askofu mkuu, katika barua na matangazo yake, lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza: aliyeua ahukumiwe, lakini ahukumiwe yeye kwa jina lake na kwa tendo lake. Umati wote usihukumiwe kwa ajili yake, kwa sababu mtoto wa miaka 4 aliyelala chini ya hema la plastiki Kashusha hakuua mtu. Upande wa pili: hata mwenye hatia anabaki binadamu. Kumpa maji mtu anayekufa kwa kiu hakumwondolei kosa lake mbele ya sheria, na kosa lake halimwondolei mwingine wajibu wa kumpa maji.

Aliomba wakimbizi warudi kwao, lakini warudi wakiwa salama na kwa heshima. Aliwaandikia mabalozi na viongozi wa nchi kubwa akiwaonya kuwa vita inakuja, kwamba silaha zinaingia katika eneo la Maziwa Makuu, na kwamba watakaolipa ni raia. Barua hizo hazikubadili mambo.

Neema si malipo

Neno neema halina ugeni Bukavu. Katika kila mtaa kuna msichana anayeitwa Neema, na mara nyingi jina hilo hutolewa kwa mtoto aliyepatikana wakati wazazi walikuwa hawatumaini tena. Katika maana hiyo ya nyumbani fundisho lote limekwisha kusemwa: neema ni kitu ulichopewa, wala hukukilipia.

Imani ya Kikristo, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, inafundisha kwamba Mungu hampendi binadamu kwa sababu binadamu ni mwema. Paulo, aliyekuwa mtesaji wa Wakristo kabla ya kuitwa, aliwaandikia Waroma kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wakati walipokuwa bado wenye dhambi. Yule mnyang'anyi aliyetundikwa kando ya Yesu hakuwa na muda wa kutenda hata tendo moja jema, naye alipokelewa. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, aliyefika saa ya mwisho alipata mshahara sawa na aliyefika asubuhi, na wale wa asubuhi wakanung'unika.

Fundisho hili ni tamu linaposomwa kanisani, kwa sababu kila msikilizaji hujihesabu kuwa ndiye anayesamehewa. Linakuwa chungu pale anayepewa neema ni yule mwingine: aliyepora duka lako, aliyeharibu shamba lako, aliyetoka katika kabila ulilofundishwa kuogopa. Hapo ndipo manung'uniko ya wale wafanyakazi wa asubuhi yanapoeleweka.

Munzihirwa aliishi mahali hapo penye uchungu. Wakati huohuo hakuiuza neema kwa bei rahisi. Aliyehubiri msamaha ndiye huyohuyo aliyewataja wanyang'anyi hadharani, alikataa kisasi, na alidai mahakama. Kwake neema haikumaanisha kusema kwamba ubaya haukutendeka. Ilimaanisha kwamba ubaya hauna haki ya kuamua nani ni mtu na nani si mtu.

Ndiyo maana maneno yake yaligusa pande zote. Mwezi Oktoba 1996, naibu gavana wa Kivu ya Kusini alipowapa Banyamulenge siku chache waondoke nchini, chuki ilipanda mijini na katika vijiji. Askofu mkuu aliendelea kuwaomba watu wasimshike jirani kwa sababu ya kabila lake. Kanuni iliyomlinda mkimbizi Mhutu ndiyo hiyohiyo iliyopaswa kumlinda Mnyamulenge. Kama ingelinda upande mmoja tu, ingekuwa siasa.

Siku za mwisho

Vita ilifika haraka. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wauguzi. Uvira ilianguka kabla ya mwisho wa mwezi. Waasi wa AFDL, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, walipanda kuelekea Bukavu. Kambi zilivunjwa, na wakimbizi wakaanza kukimbilia misitu.

Wakubwa wa serikali na wa jeshi walitafuta njia ya kutoka. Askofu mkuu alibaki. Alizungumza na wakaaji akiwaomba watulie, wasaidiane, wasilipize kisasi. Katika mji usiokuwa tena na kiongozi, watu walimwangalia yeye.

Jioni ile ya tarehe 29 gari lake lilisimamishwa Nyawera. Wanaosimulia kifo chake husema alijitoa kwa askari akitumaini kwamba walio pamoja naye wangeweza kupona. Aliuawa kwa risasi. Dereva na mlinzi wake waliuawa pia. Mashahidi waliwataja wauaji kuwa askari wa upande ulioiteka Bukavu, waasi pamoja na Wanyarwanda. Hakuna mtu aliyekwisha kuhukumiwa mahakamani kwa mauaji hayo.

Mwili wake ulibaki barabarani zaidi ya siku moja, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka nyumbani. Mwishowe kundi dogo la wanaseminari wa shirika la Waksaveri ndilo lililokwenda kuuchukua. Walikuwa vijana, nao walikuwa wanahatarisha maisha kwa ajili ya mtu ambaye hangeweza tena kuwalipa. Alizikwa kwenye kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, yaani Bikira Maria wa Amani, mjini ambamo siku hiyo amani haikuwapo.

Kilichobaki

Aliyemfuata, Mgr Emmanuel Kataliko, alitoka Butembo-Beni akashika kiti cha Bukavu mwaka 1997. Naye alisema wazi juu ya mateso ya watu wakati wa vita ya pili, hadi waasi wa RCD walipomzuia kurudi Bukavu mnamo Februari 2000 na kumlazimisha kukaa Butembo. Alirudi mwezi Septemba, akapokelewa kwa shangwe, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafa ghafula Roma. Katika muda wa miaka minne Bukavu ilizika maaskofu wakuu wawili.

Baada ya hapo mji huo haukupata pumziko. Vita vilibadili majina na viongozi, lakini wakimbizi hawakukoma, na safari hii mara nyingi walikuwa Wakongo wenyewe wakikimbia ndani ya nchi yao. Familia nyingi za Bukavu zilizopokea wageni mwaka 1994 baadaye zilihitaji kupokelewa na wengine. Aliyekuwa anagawa alijikuta ananyosha mkono. Pengine ndiyo njia ngumu ya kujifunza kwamba mlango wa neema hauna upande wa wastahili na upande wa wasiostahili, kwa kuwa kila mtu hufika siku moja akiwa hana cha kulipa.

Kwa familia zilizopoteza wapendwa, fundisho hilo halipunguzi haja ya haki. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ndefu juu ya makosa makubwa yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003. Watu wa Kivu wangali wanangoja mahakama itakayoshughulikia yaliyoandikwa humo. Munzihirwa mwenyewe yumo katika hesabu ya wanaongoja. Alihubiri kwamba msamaha na hukumu ya haki vinaweza kutembea pamoja. Bukavu imejaribu kusamehe mara nyingi, lakini hukumu haijafika.

Kila tarehe 29 Oktoba inapofika, Wakristo wa Bukavu humkumbuka kwa sala. Nyawera ni mahali pa pikipiki, magari na wauza matunda. Wengi wa vijana wanaopita hapo walizaliwa baada ya jioni ile. Wazee huwaonyesha mahali gari liliposimama, na kuwaeleza juu ya mzee aliyeshuka akiwa na msalaba mkononi, baada ya miaka miwili ya kulaumiwa kwa sababu aliwapa mkate watu ambao wengi walisema hawaustahili.